Zumu au makro? Tatizo ni jinsi tunavyozilinganisha

Ulinganisho wa lenzi tunaokutana nao sana unaenda hivi. Mtu anachukua lenzi ya zumu na lenzi ya makro, anapiga picha ya ukuta wa matofali kutoka mita kadhaa, anafungua picha kwenye kompyuta, anazikuza mpaka asilimia 100, kisha anatoa hukumu: "Zumu yangu haijapitwa na makro, msipoteze hela." Mwingine anakuja na jibu lake: "Makro ni kali kuliko zumu yoyote." Wote wana picha za ushahidi, na wote wamepima kazi ambayo makro haikutengenezewa.

Anayeumia hapo ni msomaji. Mwanafunzi wa biolojia anayetaka kupiga picha za mabawa ya mbu kwa ajili ya tasnifu hana hela ya kununua lenzi mara mbili. Kwa hiyo tuurudishe ulinganisho huu mahali pake.

Lebo inasema nini?

Tuchukue lenzi mbili za Canon zinazojulikana: zumu ya EF 24-105mm f/4L IS USM na makro ya EF 100mm f/2.8L Macro IS USM. Kwenye mwili wa ile zumu pameandikwa "MACRO" na umbali wa mita 0.45. Msomaji akiona neno hilo anadhani amepata mbili kwa bei ya moja. Kumbe ukuzaji wake wa juu kabisa ni 0.23. Makro ya 100mm inafika 1, yaani kitu cha milimita 10 kinachora taswira ya milimita 10 juu ya sensa.

Sasa weka ubawa wa mbu wenye urefu wa milimita 3 mbele ya kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na pikseli 6000 kwa upana. Kwa makro, ubawa unachukua pikseli 500. Kwa zumu unachukua pikseli 115 tu. Hapo hatujagusa ubora wa kioo hata kidogo. Ni hesabu ya darasani. Hakuna ukali wa lenzi unaoweza kukurudishia mishipa ya ubawa ambayo haikupata pikseli za kutosha.

Mtego wa asilimia 100

Hapa ndipo hata wapimaji makini wanateleza. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta moja ya kitu inakuwa kiduara kwenye sensa. Hali hiyo huitwa difraksheni. Kipenyo cha kiduara hicho ni takribani 2.44 mara urefu wa wimbi la mwanga mara namba ya f. Ila unaposogelea kitu, namba ya f inayofanya kazi kweli huongezeka: kwa makadirio, zidisha namba uliyoweka kwa 1 kujumlisha ukuzaji.

Tuseme umeweka f/16 kwenye lenzi zote mbili ili upate kina cha fokasi. Makro kwenye ukuzaji wa 1 inafanya kazi kama f/32. Kwa mwanga wa kijani, kiduara kinafika mikromita 43, sawa na pikseli saba za kamera yetu. Zumu kwenye 0.23 inafanya kazi karibu na f/20, na kiduara chake ni mikromita 26, pikseli nne na kitu. Ukizikuza picha zote asilimia 100, ya zumu itaonekana kali zaidi! Mpimaji anapiga makofi, anaandika hukumu.

Lakini sisi hatuchunguzi sensa, tunachunguza mbu. Gawa kila kiduara kwa ukuzaji wake ili ujue kina ukubwa gani juu ya ubawa wenyewe. Kwa makro kinabaki mikromita 43. Kwa zumu kinakuwa mikromita 115. Kwa hiyo picha iliyoonekana laini ndiyo yenye taarifa nyingi zaidi, karibu mara tatu kwa kila upande. Na hapo tumehesabu difraksheni peke yake. Makosa mengine ya kioo yanakuja juu yake.

Zilizaliwa na maswali tofauti

Historia inasaidia kuelewa. Mwaka 1956 Nikon walitoa Micro-Nikkor ya sentimita 5 kwa kazi ya kunakili maandishi ya Kijapani kwenye mikrofilamu. Herufi zile zina mistari mingi midogo, na karatasi ni bapa. Lenzi ilitakiwa iwe kali kwa karibu, katikati na pembeni, bila kupinda mstari. Miaka mitatu baadaye, 1959, ikaja Voigtländer Zoomar ya 36-82mm, zumu ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha za kawaida za milimita 35. Swali lake lilikuwa jingine kabisa: nawezaje kubadili upana wa picha bila kubadili lenzi?

Tofauti hiyo ipo mpaka leo. Zumu ina makundi ya vioo yanayosogea, na msanifu lazima apatanishe mahitaji ya kila urefu wa fokasi. Ndo maana zumu nyingi za kuanzia pembe pana hupindisha mistari kwa nje upande mmoja, na kwa ndani ukivuta. Kwa picha ya harusi hakuna atakayelalamika. Kwa mtu anayepima urefu wa ubawa kutoka kwenye picha, ni kosa linaloingia moja kwa moja kwenye jedwali lake la matokeo.

Tusiionee zumu pia. Canon EF 24-70mm f/4L inafika ukuzaji wa 0.7, na Nikon waliwahi kutoa zumu ya makro ya 70-180mm inayofika 0.75. Na kwa mandhari ya mbali kwenye f/8, zumu nzuri na makro nzuri zinakaribiana kiasi kwamba kugombana ni kupoteza bando.

Ukitaka kupima, pima hivi

Piga picha ya rula kwa umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inakubali kushika fokasi. Hesabu milimita zinazoonekana kwa upana, kisha gawa upana wa sensa yako kwa namba hiyo. Huo ndio ukuzaji wako, lebo iseme itakavyo. Halafu bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera iwe sambamba nao, upige kwa umbali utakaofanyia kazi. Soma herufi za katikati, kisha za pembeni. Angalia kama mistari imenyooka. Mwisho, linganisha picha za kitu kilekile zikiwa na ukubwa uleule kwenye skrini, siyo pikseli kwa pikseli.

Kama hela haitoshi kununua makro, jaribu mirija ya kurefusha, ambayo haina kioo ndani. Mirija ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50mm inakuongezea ukuzaji wa 0.5. Ubora wa pembeni hautafikia makro, lakini ubawa wa mbu utakuwa umepata zaidi ya mara mbili ya pikseli ambazo ingetoa ile zumu yenye neno "MACRO".