Kiangazi cha Muyovozi na Kalamu ya Mfasiri

Kwa miaka mingi nimeyafasiri majira ya joto ya Ulaya kwa neno moja: kiangazi. Safari ya Ushirombo, wilayani Bukombe, imenifanya nilitilie shaka neno hilo.

Kusini ya mji huo zimetanda mbuga za maji za Kigosi na Muyovozi, sehemu ya ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ya mwanzo kwa Tanzania, yenye zaidi ya hekta milioni 3. Masika maji huenea, nzohe akajificha ndani ya mafunjo. Kiangazi maji hurudi vidimbwini: samaki hubanwa, kamongo hujizika topeni akingoja mvua, na korongo hupata karamu. Msimu mmoja ni msiba wa huyu na arusi ya yule.

Mshairi wa Ulaya anaposifu joto lake, husifu majani mabichi na siku ndefu. Nikimpa kiangazi, msomaji wa Bukombe huona ardhi iliyopasuka. Vina vimetimia, mizani imetimia, maana imekauka.

Nasi wa pwani, tuliolelewa na kaskazi na kusi, tungo zetu zimejaa ndege asiye na jina wala wakati. Naungama, zangu pia.

Nimeanza kuzirudia tafsiri zangu za zamani. Palipo na kiangazi naandika majira ya joto, ingawa yanidai mizani mbili zaidi.