Kuivunjavunja 61,741,120 kwa Kalamu

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa: watu 61,741,120. Mkoa wa Kigoma, pamoja na Kasulu na Kibondo, ulikuwa na watu 2,470,967. Jumla ya taifa ikaingia kwenye mipango ya madarasa na zahanati, nayo ilistahili kabisa. Lakini inastahili pia kuandikwa ubaoni na kutafutiwa vigawo vyake tasa, kazi ambayo mwanachuo wa ualimu pale Kasulu anaiweza kwa kalamu na karatasi.

Mwanzo ni mwepesi. Sifuri ya mwisho inatuambia 10 inaingia. Ukiendelea kugawanya kwa 2 unafika 192,941, ambayo ni witiri. Hadi hapo tumetoa 2 mara sita na 5 mara moja. Jumla ya tarakimu zilizobaki ni 26, hivyo 3 haimo.

Hapa wengi hukimbilia kikokotoo, na wanajinyima utamu wenyewe. Zidisha 7, 11 na 13, unapata 1,001. Kwa sababu hiyo inatosha kuikata namba katikati na kutoa 192 kwenye 941. Jibu ni 749, linalogawanyika kwa 7 lakini si kwa 11 wala 13. Basi na 192,941 ni vivyo hivyo. Kutoa mara moja tu kumejibu maswali matatu! Sijui mbinu ya darasani inayonipendeza kuliko hii.

Inabaki 27,563. Kipeuo chake cha pili kinazidi 166 kidogo, kwa hiyo huko ndiko mwisho wa msako. Jaribu tena 7, kisha 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41: zote zinaacha baki. 43 inaingia, mara 641. Nayo 641 haihitaji jaribio jingine, kwani isingekuwa tasa ingekuwa na kigawo kisichozidi 25, na vyote hivyo vimekwisha kushindwa.

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Hiyo 641 ina jina kubwa katika hisabati. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa 641 inaigawanya bila baki.

Sensa ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23. Angezaliwa Kasulu mtoto mmoja zaidi usiku ule, akahesabiwa, vigawo tasa hivi vyote vingeanguka, maana namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo tasa hata kimoja. Ijaribu 61,741,121 kwa mbinu ileile: 741 toa 61, toa 121, ni 559, yaani 13 × 43. Hiyo 43 haimo katika 1,001, kwa hiyo haithibitishi lolote. 13 imo, na kweli inaingia: mara 4,749,317.