Kazimoto Hakuuawa na Shaka: Kusoma Kichwamaji na Wimbo wa Lawino kwa Macho ya Asiyeamini

Utangulizi

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili Uganda tulikutana na Kazimoto kabla hatujakutana na neno udhanaishi. Kazimoto ndiye mhusika mkuu wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974. Ni msomi wa chuo kikuu anayetilia shaka kuwapo kwa Mungu, anayeona maisha hayana maana, na ambaye mwishoni anajiua. Mwalimu anapouliza dhamira ya riwaya hii, jibu huwa tayari mdomoni: mtu akipoteza imani, huangamia. Jibu hilo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na mjadala huishia hapo.

Makala hii inalipinga jibu hilo. Nitajaribu kuonyesha kwamba riwaya yenyewe haisemi hivyo, na kwamba sisi ndio tunaoisemesha kwa sababu ya mahali tuliposimama tunapoisoma. Nitaiweka Kichwamaji pamoja na kazi ya Mganda mwenzetu, Okot p'Bitek, hasa Song of Lawino ya mwaka 1966, ambayo Paul Sozigwa aliitafsiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino. Kazi hizi mbili zinauliza swali linalofanana katika mazingira tofauti kabisa. Aidha, sitaficha kwamba suala hili linanihusu. Ninasomea ualimu, siku moja nitawafundisha watoto riwaya hii, na mimi mwenyewe siamini.

Jina la asiyeamini

Kabla ya kuhakiki wahusika, tuitazame lugha tunayowahakikia. Asiyeamini Mungu anaitwaje kwa Kiswahili? Neno la kwanza linalokuja ni kafiri, lenye asili ya Kiarabu, na ambalo Waganda nao wanalo kama omukafiiri. Ni neno ambalo muumini humtajia mwingine. Hakuna anayejitambulisha nalo. La pili ni mpagani, lililotumiwa na wamisionari kwa yeyote ambaye hajabatizwa, hata kama alikuwa na mizimu na matambiko yake. Vitabuni tunakuta la tatu, mkana Mungu.

Hili la tatu linaonekana la kitaaluma, lakini lina mtego. Kitenzi kukana hutumika kwa jambo ambalo msemaji anajua lipo. Mtu hukana deni, hukana mtoto aliyemzaa, na Petro alimkana Yesu aliyekula naye. Kwa hiyo anayeitwa mkana Mungu amekwisha kushtakiwa kabla hajafungua mdomo: Mungu yupo, yeye anajua yupo, ila anakataa kusema. Uganda neno hili lina uzito wa ziada. Kila tarehe 3 Juni nchi nzima huwakumbuka vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa kukataa kuiacha dini yao. Katika nchi ambayo mashujaa wake wakubwa ni watu waliokataa kukana, kuitwa mkana ni kuwekwa upande wa waoga na wasaliti.

Kuna jambo jingine. Kwa Kiganda kitenzi okusoma kina maana ya kusoma kitabu na pia ya kusali, na Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi. Kitabu na kanisa viliingia kwa mlango mmoja, baada ya wamisionari wa Kianglikana kufika mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879. Msomi anayesoma hadi akatoka kanisani anaonekana kama mtu aliyeiba chombo cha mwenyewe. Kwa sababu hizo, hapa ninatumia neno asiyeamini. Ni refu kidogo, lakini halimhukumu mtu.

Swali la wazee wa Acholi

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931 katika familia ya Kiprotestanti, akaja kuiacha imani hiyo alipokuwa masomoni Uingereza. Katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship cha mwaka 1970 anasimulia kisa cha mwaka 1911. Mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Acholi: ni nani aliyewaumba? Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kufanya kitu kiwepo pasipo na kitu, swali liliwafikia kama: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa, kwani binadamu huzaliwa na mama yake. Mapadri walipozidi kusisitiza, mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo hupinda akawa na kibyongo, na husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Basi wakajibu: Rubanga. Jina la roho inayovunja watu migongo likawa jina la Mungu katika mahubiri.

Kisa hiki hutufanya tucheke, lakini Mswahili asicheke sana. Kuumba kwetu kumetoka katika mzizi uleule wa Kibantu unaowapa Waganda okubumba, yaani kufinyanga vyungu. Muumba ni mfinyanzi tuliyesahau udongo wake. Kutokana na mzizi huo tumepata umbo, na tumepata maumbile, neno tunalolitumia hata darasani la sayansi. Somo ninalolipata kwa Okot ni kwamba swali lililotengenezwa vibaya huzaa jibu linalotakiwa na muulizaji.

Somo hilo lilikuwa na mlengwa. Mwaka 1969 John Mbiti, aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu kilichodai kuwa Mwafrika ni mtu wa dini katika kila hatua ya maisha yake. Okot aliwashutumu wanazuoni wa namna hiyo kwamba wanaivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Mjadala huo ungali nasi. Dai la Mbiti likichukuliwa jinsi lilivyo, Mwafrika asiyeamini hawezi kuwapo. Akijitokeza, lazima awe amelewa Uzungu. Hata hivyo, katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu 755,750 walijibu kwamba hawana dini. Kutokuwa na dini na kutoamini Mungu si jambo moja, lakini idadi hiyo yatosha kutuonya tusimseme Mwafrika mmoja kana kwamba ndio wote.

Lawino anauliza

Lawino haandikiwi kama mtu asiyeamini, na ningekuwa ninampotosha nikimwita hivyo. Anaheshimu matambiko ya watu wake na anamtetea mganga. Lakini mbele ya dini ya mumewe, Ocol, anasimama mahali pa asiyeamini. Anaambiwa Mungu aliumba mbingu na nchi, naye anauliza maswali ya mtu anayejua ufinyanzi. Udongo ulichimbwa wapi? Mfinyanzi alikuwa amesimama wapi kabla nchi haijakuwapo? Naye alifinyangwa na nani? Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini walimu wa dini wanamfokea, na Ocol anakasirika kwamba mkewe anauliza mambo ya kipumbavu.

Ninachotaka tukione hapa ni hali ya Lawino baada ya kukosa majibu. Habomoki. Anaondoka darasani kwa walimu wa dini akaenda kwenye ngoma ya vijana wenzake, ambako nyimbo zina maana na kila mtu anajua hatua. Anaulaumu ujinga wa Ocol mbele ya ukoo mzima, na ukoo unasikiliza. Shaka yake ina mahali pa kukaa. Ocol, ambaye ana imani na ana shahada, ndiye anayeonekana mpweke, amezungukwa na vitabu na chuki ya nyumba aliyozaliwa.

Nini kilimuua Kazimoto?

Turudi Ukerewe. Kezilahabi mwenyewe alizaliwa kisiwani humo mwaka 1944 na akasoma seminari ya Nyegezi, kwa hiyo aliijua dini kutoka ndani. Tukiorodhesha maafa ya Kazimoto kwa utaratibu, tunapata orodha ifuatayo. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, msomi mwenzake aliyepata cheo serikalini. Rukia anafariki, na mama yao anafariki pia. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada wa Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto wa Kazimoto na Sabina naye anatokea hivyo, na haishi. Ndipo Kazimoto anapojiua.

Katika orodha hii, ni lipi limeletwa na kutoamini? Mimba ya Rukia imeletwa na mwanamume mwenye cheo ambaye hakuwajibika. Ugonjwa umeletwa na miili, haukuuliza nani anasali. Kama shaka ndiyo iliyomuua Kazimoto, basi mhakiki atueleze ni nini kilichomuua Rukia, ambaye hakuwa na falsafa yoyote. Kifo chake hatukifanyi funzo la imani. Kifo cha Kazimoto tunakifanya, kwa sababu tu yeye alisema kwa sauti jambo tusilotaka kulisikia.

Mtu anaweza kujibu kwamba Kazimoto mwenyewe anaunganisha mambo haya: kwa kuwa haoni Mungu, haoni maana, na kwa kuwa haoni maana, haoni sababu ya kuishi. Pingamizi hili lina nguvu, kwa kuwa riwaya inasimuliwa kwa sauti yake na fikra hizo zimo. Lakini msimulizi wa nafsi ya kwanza ni shahidi, na shahidi anaweza kukosea kuhusu sababu za maumivu yake mwenyewe. Tukimlinganisha na Lawino, tofauti kubwa tunayoiona iko katika watu waliomzunguka kila mmoja wao. Lawino ana ukoo wa kuusemesha. Kazimoto ametolewa kwao na elimu. Mawazo yake yana lugha ya chuo na huzuni yake ni ya kijijini, na baina ya hivyo viwili hapati mtu wa kukaa naye. Hata kisasi chake ni jambo la siri. Ninavyoisoma mimi, riwaya hii inaonya juu ya msomi aliyekatwa kutoka kwa watu wake, na Ocol, mwenye imani yake yote, ni ndugu yake wa karibu.

Kuishi na waumini

Hoja hii ina upande wa maisha, na nadhani uhakiki usioweza kutoka darasani una kasoro. Nimelelewa katika nyumba ya walokole, watu wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Katika uamsho huo mtu husimama na kutoa ushuhuda wa maisha yake mbele ya wenzake. Mama yangu husali kabla ya kila mlo, nami huinamisha kichwa. Anajua siamini, kwa kuwa nilimwambia. Alilia, kisha akasema, "Mwanangu, afadhali umeniambia mimi kuliko kuniacha nijue kwa majirani." Tangu hapo naye ananiombea, nami namshukuru, na chakula hakijapoa.

Wapo wenzangu wasioamini wanaosema kuinamisha kichwa ni unafiki. Mimi ninaona ni adabu ya mezani kwa mtu ambaye ukweli wangu anao tayari. Unafiki ungekuwa kumfanya aamini kwamba ninasali. Na lugha nayo haituruhusu kujitenga: nikiagana na shangazi akisema tutaonana Mungu akipenda, nitaitikia, maana anachoniombea ni safari njema. Kuna maneno ambayo imani imeyaacha katika Kiswahili kama udongo katika neno kuumba, nasi sote tunayatumia.

Lakini si kila asiyeamini ana mama kama huyo. Okot alikuwa na jina na elimu ya Oxford. Aliweza kuandika aliyoyaona, akaandaa matamasha ya sanaa Gulu na Kisumu, na akabaki mtu wa watu. Msichana wa kijijini anayelipiwa ada na mjomba mchungaji hana nafasi hiyo. Kwake ukimya unaweza kuwa ndio busara, na hatuna haki ya kumwita mwoga.

Darasani

Hivyo basi, tutakapofundisha Kichwamaji, napendekeza tubadilishe swali. Tukiuliza, "Kazimoto anatufundisha nini kuhusu kupoteza imani?" tumefanya kama mapadri wa mwaka 1911: jibu limo ndani ya swali. Tuulize: ni nani katika riwaya hii aliyemsikiliza Kazimoto? Wanafunzi warudi kitabuni, watafute kurasa, walete majina, na wabishane. Kisha wasome maswali ya Lawino kuhusu mfinyanzi na walinganishe.

Katika kila darasa la watoto hamsini, huenda yupo mmoja ambaye usiku huwaza kama Kazimoto na asubuhi huimba pambio na wenzake. Ubaoni akisoma kwamba watu kama yeye huishia kujiua, atakuwa amefundishwa jambo ambalo Kezilahabi hakuliandika. Muumini aliye dawati la pili naye hatapoteza kitu kwa kuulizwa angemwambia nini Kazimoto kama angefika nyumbani kwake jioni ile.