Achia Mikono

Kitanda nilikuwa nimeshakichukua kwa fundi seremala, mninga mtupu, umepigwa msasa mpaka mkono unateleza. Beseni lilikuwapo. Nepi za kitambaa dazeni mbili zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Kwa hesabu yangu zilikuwa zimebaki wiki tisa. Usiku mmoja shinikizo la damu la mke wangu likapanda kupita kiasi, madaktari wakasema mtoto atolewe, na binti yangu akazaliwa na wiki 31 na gramu 1,450. Katika vyote nilivyomwandalia, vilivyomfaa vilikuwa khanga mbili kuukuu za mama yake, ambazo tulikuwa tumeziweka kando ziwe matambara.

Mtoto wa namna hii tunamwita njiti. Ukimwona unaelewa jina lilikotoka: paja halizidi kidole cha mtu mzima, ngozi nyembamba hata mishipa inahesabika. Chini ya ngozi hiyo hana mafuta ya kumhifadhia joto. Akiachwa wazi anapoa, akipoa anatumia nguvu kidogo alizonazo kujipasha, na nguvu zikimwishia hata kupumua kunamshinda.

Mama yake alikuwa bado na dripu, hajaweza kukaa. Ndipo muuguzi wa wodi ya njiti, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama tu, akaniita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeoga?"

"Nimeoga."

"Umejipaka marashi?"

"Hapana."

"Basi vua shati. Kifua chako kinatosha."

Akatundika shuka liwe pazia kati yangu na akina mama wengine, akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akaanza kusugua viganja vyake. Sikuelewa kwa nini anachukua muda mrefu hivyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba hamgusi mtoto kamwe kwa mkono wa baridi, wala kwa mkono wenye pete, wala kwa ncha za vidole. Kiganja kimoja kilipita chini ya kichwa na shingo, kingine chini ya makalio, na mtoto akainuka kwa mwendo mmoja usio na mshtuko, mrija wa kulishia ukifuata nyuma bila kuvutika. Alipomlaza kifuani kwangu, nepi na kofia na soksi ndivyo vitu pekee alivyovaa.

Kilichofuata kilichukua labda dakika nne. Nimekitazama mara nyingi tangu siku ile, kwa baba na mama wengine, na hakijanichosha.

Kwanza alimpanga. Mapaja yalikunjwa na kutanuka kama ya chura, mikono ikakunjwa vilevile, kifua juu ya kifua. Kichwa alikigeuza upande mmoja, akainua kidevu kidogo sana, kiasi cha unene wa kidole. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Shingo ya njiti ikikunjwa mbele njia ya hewa inazibika, ikivutwa nyuma mno inazibika pia, na kati ya makosa hayo mawili nafasi ni ndogo. Alisogeza, akainama kutazama kutoka pembeni, akasogeza tena. Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa fundi saa.

Kisha khanga. Aliichukua ile iliyochakaa zaidi, akaiacha mpya niliyokuwa nimeinunua njiani. Mpya ina wanga, akasema, inakakamaa na fundo linateleza. Iliyofuliwa miaka inashika. Akaikunja kwa urefu, akaizungusha mgongoni kwangu, akaleta ncha mbele. Pindo la juu akalipitisha chini kidogo ya sikio la mtoto, ili kichwa kisianguke nyuma na uso ubaki wazi. Penye kifua cha mtoto alikaza kwelikweli, mpaka nikaogopa. Penye tumbo akalegeza, akaingiza vidole viwili kuhakikisha kuna nafasi.

"Huyu anapumua kwa tumbo," akasema. "Ukimbana hapa, umembana pumzi. Ukimwachia hapo juu, ataserereka."

Kitambaa kimoja, tena laini, na ndani yake sehemu moja imekaza na nyingine imelegea, zikiwa zimeachana kwa upana wa kiganja. Mtu asiyejua angeona mzazi aliyejifunga khanga. Bibi zetu wa pwani wamebeba watoto kwa mbeleko miaka na miaka, na nadhani wangemtambua Mama mara moja kuwa ni mwenzao, ingawa yeye amegeuza mzigo kutoka mgongoni ukaja mbele, na amejifunza gramu na nyuzi joto.

Alipofunga fundo chini ya kwapa langu alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa inuka. Achia mikono."

Sikuweza. Mikono yangu ilikuwa imemshika mtoto kwa juu ya khanga, na haikukubali kumwachia. Alisubiri. Hakunihimiza wala hakucheka, alikaa tu akinitazama mpaka nikainuka, nikashusha mkono mmoja, halafu wa pili. Mtoto hakusogea hata nukta. Nilisimama katikati ya wodi mikono ikining'inia, na binti yangu amekaa kifuani kama sehemu ya mwili wangu.

Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na mashine chache za joto na watoto wengi, alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao. Mwenzake Héctor Martínez akaendeleza kazi hiyo pamoja naye. Wakaifananisha na kangaruu na mfuko wake. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa tiba ya wasio na mashine. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa na Shirika la Afya Duniani katika Tanzania, Ghana, Malawi, Nigeria na India: watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walipowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo. Niliposoma hayo niliwaza mafundo. Kila mtoto katika hesabu ile alifungwa na mkono wa mtu, na kuna aliyerudi nyuma hatua moja kumtazama.

Usiku tulilala nusu tumekaa, nimeegemea mito mitatu. Kila saa mbili mililita chache za maziwa aliyokamua mama yake zilipita kwenye mrija. Baadaye kwa kikombe kidogo, ukingo ukigusa mdomo wa chini tu, mtoto alambe mwenyewe. Kummiminia ni marufuku. Mama alipita gizani, akiweka mgongo wa kiganja kwenye unyayo wa kila mtoto. Miguu hupoa kabla ya tumbo, kwa hiyo unyayo humpa habari mapema.

Usiku wa tano, Mama alikuwa upande wa pili wa wodi akiandika, akainua kichwa ghafla, akaja moja kwa moja kwa mtoto wa jirani yangu, akamsugua mgongo. Mtoto akavuta pumzi. Nilimuuliza amejuaje. Akasema kona ile ilikuwa imenyamaza.

Siku mbili baadaye nilielewa sababu nyingine ya kulegeza khanga tumboni. Nilikuwa nimesinzia, nikazinduka bila kujua kilichoniamsha. Tumbo la binti yangu, ambalo lilikuwa likigusa langu na kuachia, lilikuwa limetulia. Nikamsugua mgongo kama nilivyoona, kwa nguvu kuliko nilivyodhani inafaa. Likagusa tena. Mama alikuwa ameshafika kando yangu. Hakunyoosha mkono, alisimama tu akihesabu pumzi kwa macho, dakika nzima, kisha akaenda zake.

Mke wangu alipopata nguvu tulipokezana, na tuliporuhusiwa tuliendelea nyumbani. Binti yetu alipofika kama kilo mbili na nusu alianza kuchoropoka: mkono unatoka, mguu unasukuma, anagombana na khanga. Tulielezwa kwamba njiti wengi hukataa wenyewe wakishakuwa tayari.

Kwenye kliniki ya marudio tulimkuta Mama mlangoni, mikono imejaa mafaili. Nilifungua kinywa kumwamkia. Mafaili yalikuwa tayari yamehamia kwapani, na mgongo wa kiganja chake ulikuwa kwenye unyayo wa mtoto.