Tundu Lisilosifiwa

Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, mti una kazi mbili. Kwa wachimbaji wadogo ni matimba, ya kuzuia udongo usiwaangukie shimoni. Kwa aliyejenga kwa fedha ya dhahabu au ya mshahara ni mlango wa mninga wenye maua. Matimba hukatwa kwa shoka. Maua hutolewa na mashine yenye shafti iliyosimama wima katikati ya meza, na kisu cha duara huvishwa kwenye shafti hiyo, kikakazwa kwa nati. Wateja husifu maua. Mimi nasifu tundu la katikati ya kisu.

Mashine hizi zina asili nyingi. Za Kiingereza za zamani mara nyingi zina shafti ya inchi moja na robo, yaani milimita 31.75. Za Ulaya bara huja na milimita 30. Za Marekani, zile ndogo, nusu inchi au robo tatu. Visu navyo hununuliwa mtumba, kimoja kimoja, kila kimoja na tundu lake. Seremala wetu hababaiki na vipimo viwili: mbao ananunua kwa inchi, mbili kwa nne, mbili kwa sita, halafu vipimo vya dirisha analetewa kwa sentimita. Kinachompima ustadi ni ile milimita moja na robo tatu iliyo kati ya 31.75 na 30.

Wengi huidharau. Kisu chenye tundu la 31.75 huingia kwenye shafti ya 30 bila ubishi, na nati ikikazwa utadhani kimetulia. Kumbe kinaweza kuwa kimekaa kando ya kitovu kwa karibu milimita 0.9. Mashine ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kisu cha kilo moja kinaivuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 35, na mvuto huo unaizunguka shafti mara 100 kila sekunde. Kikiwa na kipenyo cha milimita 125, makali yake yanakwenda kilomita 140 kwa saa, sentimita chache tu kutoka vidole vya fundi. Beringi zinaanza kulia. Makali ya upande mmoja yanakula mbao kupita kiasi, ya upande wa pili hayaigusi sawasawa, na maua yanatoka na mawimbi ambayo msasa hauyamalizi.

Asiye na subira huzungushia shafti bati la kopo. Tundu likiwa dogo, huchukua tupa akalipanua. Huo si ubunifu, ni uharibifu: bati hubanwa upande mmoja likalegea upande wa pili, na tupa haijui kitovu kilipo.

Fundi ninayemsifu hufunga safari kwa mkereza vyuma. Ukanda wa dhahabu unawahitaji sana wakerezaji, kwa kuwa karasha la kusaga mawe halichoki kula bushi na shafti. Anaagiza bushi ya chuma, nje 31.75, ndani 30. Ukuta wake haufiki milimita moja, na hapo ndipo kazi ilipo: ukiibana kwa nguvu kwenye taya za mashine, inapoteza uviringo. Mkerezaji hupunguza kidogo, anapima, anapunguza tena. Venia ya kawaida husoma hadi milimita 0.05, nyingine 0.02, zaidi ya hapo mkono ndio hakimu. Shafti hufutwa vumbi na utomvu, hupakwa mafuta kiduchu, kisha kisu huachiliwa kutoka juu. Kikidondoka, bushi imelegea. Kikigoma, bado nene, na nyundo isiguswe. Kikishuka chenyewe taratibu, huku hewa ikijitafutia njia ya kutoka, kimepata makao.

Tundu likiwa dogo kuliko shafti, bushi haisaidii kitu. Hapo ni kukirudisha kisu dukani au kubadilishana na mwenye mashine inayolingana nacho.

Kwa hiyo, ukienda kuagiza milango Kakola au Kahama, usiishie kupapasa maua. Mwombe fundi aizime mashine, afungue nati, akuonyeshe kisu kilivyokaa. Atakayekuonyesha bila kusita, mpe kazi, hata bei yake ikizidi ya jirani.