Zimwi Lililopewa Ukoo: Uhakiki wa Filamu ya Halloween II

Filamu ya Halloween II ilitolewa nchini Marekani mwaka 1981. Mwongozaji ni Rick Rosenthal, na walioiandika ni John Carpenter na Debra Hill, wale wale walioandika Halloween ya mwaka 1978. Hadithi yaanzia usiku ule ule tulipoachwa: Dakta Loomis amempiga Michael Myers risasi sita, mwuaji ameanguka kutoka roshanini, na anapotafutwa chini haonekani. Laurie Strode, msichana aliyenusurika, apelekwa hospitali ya mji wa Haddonfield, naye mwuaji amfuata huko.

Mandhari ndiyo sifa kuu ya kazi hii. Mahali pa kuponea pamegeuzwa ushoroba baada ya ushoroba, taa hafifu na kimya. (Kwamba hospitali nzima yaachiwa wauguzi wachache tu, hilo mtazamaji hana budi kulisamehe.) Katika tukio la lifti Laurie anachechemea, milango inajifunga taratibu, na mwuaji hakimbii. Taharuki yazaliwa na mwendo huo. Vivyo hivyo uwanjani pa magari: msaada umefika, naye ajaribu kuita, sauti haitoki.

Watunzi hawakuiamini taharuki hiyo. Filamu ya kwanza ilikuwa na damu kidogo. Hii ina sindano jichoni na maji ya moto yanayobabua uso, na vifo vimebuniwa kwa uangalifu kuliko wafao. Laurie mwenyewe, aliyekuwa roho ya hadithi ya kwanza, muda mwingi alala akiwa amelewa dawa. Hata Ben Tramer, kijana aliyevaa barakoa akadhaniwa kuwa ndiye mwuaji, agongwa na gari la polisi na kuteketea. Palikuwa na maudhui mazito hapo, jamii iliyojaa hofu kuua mtoto wake yenyewe, lakini filamu yapita haraka.

Kosa lililo kubwa zaidi ni undugu. Yafunuliwa kuwa Laurie ni dada yake Michael, aliyelelewa na watu wengine. Wahenga husema zimwi likujualo halikuli likakwisha: kujuana hupunguza hatari, hata kwa zimwi. Zimwi la mwaka 1978 halikumjua mtu. Lilimwona Laurie alipofika mlangoni pa nyumba yake kuacha ufunguo, basi. Kwa hiyo kila mlango wa mji ulikuwa hatarini. Likishapewa ukoo, jirani aweza kulala. Huenda msomaji akajibu kuwa Michael alianza kwa kumwua dada yake Judith mwaka 1963, kwa hiyo mbegu ilikuwapo. Ni kweli, lakini Annie, Lynda na Bob hawakuwa ndugu zake, wala wauguzi hawa si ndugu zake, na filamu haielezi wao wamekosa nini. Mwaka 2018 David Gordon Green, katika mwendelezo wake mwingine wa filamu ya kwanza, aliutupa undugu huo na kuufanya uvumi tu uliozushwa na watu.