Matabaka Kuzimu

Wapo makada wanaodhani kwamba filamu za katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba kuzijadili katika darasa la siasa ni kupoteza wakati. Sisi hatukubali. Mtunzi anayeichora kuzimu ili familia nzima icheke anaumba nchi ambayo hakuna aliyeiona. Basi hana pa kuazima ila katika jamii anayoijua.

Tuchukue *Coco*, filamu ya Pixar ya mwaka 2017. Mtoto Miguel wa Meksiko anajikuta katika nchi ya wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu. Humo hamna moto wala mateso. Mna taa, muziki, na mifupa yenye mzaha. Lakini tazameni vizuri, ndugu: mna mpaka na maafisa wake. Mfu ambaye picha yake haikuwekwa na jamaa zake kwenye meza ya kumbukumbu haruhusiwi kuvuka daraja kwenda kuwaona walio hai. Ernesto de la Cruz, mwanamuziki mashuhuri, anakaa katika jumba refu na kupokea matoleo ya washabiki asiowajua. Héctor anashinda na waliosahauliwa, kwenye vibanda. Na kumbe nyimbo zilizomkuza Ernesto alizitunga Héctor! Ernesto alimwua kwa sumu, akachukua nyimbo na gitaa lake. Umaarufu ndio mtaji wa kuzimu, nao umetokana na jasho la mwingine. Hapo filamu inasema kweli kuliko vitabu vingi vya uchumi.

Kisha inarudi nyuma. Mwizi anafichuliwa, picha ya Héctor inawekwa mezani, naye anavuka. Lango liko pale pale, ukaguzi unaendelea. Chicharrón, mwenzake wa vibandani, alikwisha toweka kwa kukosa wa kumkumbuka. Wengine waliobaki kule, wasio na kilembwe mpiga gitaa, hawaulizwi. Dhuluma ya tabaka imegeuzwa kuwa suala la ukoo mmoja.

Wenye filamu nao tuwatazame. Mwaka 2013, kampuni ya Disney, mmiliki wa Pixar, iliomba huko Marekani kusajili jina la Siku ya Wafu liwe alama yake ya biashara. Watu wenye asili ya Meksiko walipinga, miongoni mwao mchora katuni Lalo Alcaraz, na ombi likaondolewa mwaka huo huo. Baadaye Alcaraz aliajiriwa kuwa mshauri wa filamu hiyo hiyo. Wanafunzi wajadili: nani alishinda?